Klabu ya shule si kwaya ya kupokea wageni

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

NDUGU msikilizaji, juma hili sina habari za Bunge wala za bei ya mafuta. Nataka tuzungumze juu ya saa moja tu katika siku ya mwanafunzi wa sekondari: ile inayoanza kipindi cha mwisho kinapokwisha, kabla watoto hawajatawanyika kwenda makwao. Ndiyo saa ya klabu, ya midahalo, ya skauti, ya mpira. Walimu wengi huihesabu kuwa ni saa ya kupumzika, wazazi wengi wakaihesabu kuwa ni saa ya kuzurura. Mimi nasema ni saa ya masomo kama nyingine, na kwa mtoto fulani pengine ndiyo saa pekee ya siku nzima ambayo mtu mzima anaweza kumwuliza anafikiri nini.

Tuizungumze saa hiyo tukiwa Mkula, Wilaya ya Kilombero. Ukitoka Mikumi ukashika njia ya Ifakara, unavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, unapita katikati ya mashamba ya miwa, unafika Sanje, na kabla ya kuingia Mang'ula unaikuta Mkula. Kulia kwako Milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta, na msitu umeteremka hadi jirani kabisa na nyumba za watu. Kushoto linaanza bonde, na bonde hilo ni mpunga, miwa, matope na mto.

Mtu wa mjini atasema, Mkula inanihusu nini mimi? Inakuhusu kuanzia kikombe cha chai ya asubuhi. Sukari ya Kilombero inatoka hapo. Mchele unaougombea pale Tandale kwa sababu umeambiwa ni wa Ifakara, unatoka bonde hilo hilo. Umeme wa Kidatu, megawati 204, unazalishwa mlangoni mwa bonde. Na lile Bwawa la Mwalimu Nyerere la megawati 2,115 tunalojivunia kule Rufiji, zaidi ya nusu ya maji ya mto wake huletwa na Mto Kilombero. Kwa hiyo watoto wanaosoma leo chini ya mlima ule ndio watakaokuwa wakulima, watendaji wa vijiji na wajumbe wa kamati za maliasili siku ambayo wewe utauliza kwa nini maji yamepungua. Afadhali tujue wanajifunza nini, na wanajifunzaje.

Sasa turudi kwenye saa yetu. Katika sekondari za kawaida za kwetu utakuta orodha ndefu ukutani. Ipo klabu ya Malihai au ya mazingira. Ipo klabu ya Fema. Wapo skauti. Wapo UKWATA na TYCS kwa Wakristo, na TAMSYA kwa Waislamu. Ipo siku ya mdahalo, ambayo wanafunzi wenyewe huiita dibeti. Orodha inapendeza macho. Lakini bango ukutani halikwambii kama klabu ina uhai au ni jina lililobaki tangu mwalimu aliyeianzisha ahamishwe.

Chukua huo mdahalo. Mada ni zile zile tangu mimi nikiwa kijana: elimu ni bora kuliko fedha, mwalimu ni bora kuliko daktari, maisha ya kijijini ni bora kuliko ya mjini. Hadi leo sijaonyeshwa shule iliyofikia uamuzi! Na tena mdahalo ni lazima uwe wa Kiingereza. Basi wanasimama wale wale watatu au wanne waliopata bahati ya kukijua, wanasema, wanapigiwa makofi, na watoto mia mbili waliobaki wanakaa kimya wakiomba mwalimu asiwatazame usoni. Sina ugomvi na Kiingereza. Ni lugha ya mtihani, na mtoto wa Mkula anakihitaji kuliko hata mtoto wa Oysterbay. Lakini mdahalo maana yake ni kupambanisha fikra, na fikra ya mtoto wa kidato cha pili bado inaishi katika Kiswahili. Ukimnyang'anya Kiswahili katika saa hiyo nayo, umemfundisha jambo moja tu, kwamba anayestahili kuzungumza ni mwingine.

Inafaa tukumbuke vyama hivi vilianzaje, maana havikuanza kwa mabango wala fulana. Majirani zetu wa Kenya walianzisha klabu za wanyamapori mwaka 1968, na walioanzisha walikuwa wanafunzi wenyewe. Sisi tulianza Malihai mwaka 1980, makao yake Arusha, na jina lenyewe lilikuwa zuri: mali iliyo hai. Mwaka 1991 hapa hapa Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikwenda nyumbani kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki Oktoba 2025, wakakaa naye barazani. Hawakwenda kuimba. Walikwenda kulalamika. Walitaka kujua kwa nini watu wanavua samaki kwa baruti na serikali inatazama, kwa nini ujangili hauishi, kwa nini wako watoto wanaolala barabarani. Katika baraza hilo ndipo ilipozaliwa Roots & Shoots, ambayo baadaye ilisambaa katika nchi zaidi ya 60 za dunia. Kumi na wawili, na maswali yao.

Na hata kabla ya hapo, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka shule ijenge mtu mwenye akili ya kuuliza. Sisi tukashika jembe, tukaliacha swali. Miaka mingi saa ya kujitegemea ikawa saa ya kufyeka majani, na katika shule nyingine ikawa adhabu.

Hapo ndipo nataka kuieleza Mkula, au tuseme vijiji vyote vilivyokaa chini ya mlima ule.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992. Ilipotangazwa, wanavijiji wa upande huu waliachiwa ruhusa ndogo: kwa siku maalumu za juma waliweza kuingia mlimani kuokota kuni kavu. Mwaka 2011 ruhusa hiyo iliondolewa. Zilikuwako juhudi za kugawa miche na kufundisha majiko banifu ili watu wasiutegemee msitu, na wako waliofaidika. Lakini mti unahitaji miaka, na ugali unahitaji moto leo jioni. Juu ya hayo, tembo walianza kushuka mashambani, wakala mpunga, ndizi na miwa. Kule Mang'ula wakulima wakajaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo humwogopa nyuki, na si haba. Hata hivyo mama aliyeamka akakuta shamba limelazwa chini hana hamu ya kusikia wimbo wa kumsifu tembo.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika mkutano wa klabu ya mazingira kwenye shule moja ya bonde hilo. Sitaitaja, maana lililotokea linaweza kutokea katika shule yoyote nchini. Wageni tulikuwa mbele kwenye viti, tumewekewa soda na kitambaa cha meza. Mgeni rasmi alikuwa mhifadhi. Watoto waliimba vizuri, wakasoma shairi, wakakabidhiwa miche. Mwisho likaja lile neno la kawaida: kuna mwenye swali? Katika shughuli za namna hii neno hilo husemwa kwa kuwa limeandikwa kwenye ratiba, si kwa kuwa kuna anayetaka kuulizwa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akasimama. Akasema, "Shikamoo, bwana mhifadhi. Naomba kuuliza. Kuni zilizoanguka zenyewe zinaozea kule juu. Mama yangu akiziokota anakamatwa. Zikioza zinamsaidia nani?"

Ndugu msikilizaji, palitulia. Kisha mwalimu wa zamu akamwambia, "Wewe, kaa chini. Hiyo siyo mada ya leo." Tukapigiwa wimbo wa kufungia, tukanywa soda zetu.

Nimelibeba swali lile hadi leo kwa sababu lilikuwa swali la sayansi, tena zuri. Na lina majibu. Gogo linalooza si takataka. Ndani yake wanaishi wadudu na uyoga, wadudu wanaliwa na ndege, gogo lenyewe linarudi kuwa udongo, na juu ya udongo huo unaota mche wa mti mwingine ambao ndio utakaoshika maji ya mvua yasishuke yote kwa siku moja. Tena, njia ya kuni hutumiwa pia na mwingine asiyetaka kuni, yule mwenye panga la kukata nguzo na waya wa kutegea paa, na askari hawezi kumtofautisha kwa mbali. Hayo mhifadhi angeweza kuyaeleza kwa dakika tano, na yule msichana angekwenda kuyasema nyumbani akiwa na hoja mdomoni badala ya amri.

Lakini swali lina upande wa pili pia, na huo mhifadhi angepaswa kuusikiliza. Nani analipa gharama ya gogo kuachwa lioze? Si mimi ninayewasha jiko la gesi mjini. Analipa mama wa Mkula, kwa miguu yake au kwa fedha ya kununulia kuni ambayo ingenunua madaftari. Mtoto aliyeuliza alikuwa amesimama katikati ya pande hizo mbili, mlima na jiko la mama yake, na hakuna mtu katika chumba kile aliyekuwa na haki kubwa ya kuuliza kuliko yeye. Tukamkalisha.

Wako watakaosema kwamba mtoto hajui mambo ya kitaalamu, asubiri kufundishwa. Ningependa wakumbuke kisa cha Sanje, jirani kabisa na Mkula. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa hapo, wakasikia mlio wa mnyama wasiyemtarajia. Mwenyeji waliyekuwa naye hakushangaa. Akawaambia huyo ni ng'olaga. Ndivyo sayansi ya dunia ilivyompata kima mpya, mangabei wa Sanje, ambaye hapatikani popote ulimwenguni isipokuwa katika milima hiyo ya Udzungwa. Vitabu vikaandika kwamba amegunduliwa. Watu wa hapo walimjua kabla ya vitabu, hawakuwa wameulizwa tu.

Nasema haya bila kudharau kazi inayofanyika. Mang'ula kipo kituo cha kufuatilia ikolojia ya milima hiyo, kilichoanza mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA na jumba la makumbusho ya sayansi la Trento, Italia, na pamoja na utafiti kimefanya elimu ya mazingira katika shule za vijiji vya jirani. Kazi njema hiyo. Maana nimekutana na watoto waliozaliwa chini ya maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa meta 170, ambao hawajawahi kuyakaribia. Mtalii kasafiri siku mbili kuja kuyaona, na mtoto wa hapo anayaona kama mstari mweupe mlimani. Mtoto huyo akipandishwa mlimani mara moja tu na klabu yake, akaoneshwa maji ya kijiji chake yanatoka wapi, hatahitaji bango.

Sasa kwa nini klabu hizi hufa? Sababu ya kwanza ni hofu ya mtihani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, ikasemwa zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata sifuri, nchi ilitikisika, hata Waziri Mkuu akaunda tume. Tangu hapo mkuu wa shule amekuwa mtu wa kuhesabu madaraja. Saa ya klabu ikageuzwa kuwa saa ya masomo ya ziada, na hakuna mzazi aliyelalamika. Tulishawahi kufanya kosa la aina hiyo kwa michezo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya UMISSETA yalisimamishwa kwa miaka kadhaa, eti watoto wasome. Wala sikumbuki kuambiwa kwamba ufaulu ulipaa kwa sababu mipira imefungiwa stoo.

Nyingine ni mpunga. Bondeni mpunga hauna huruma na ratiba ya Wizara. Ukianza kutoa masuke, ndege wanaingia, na familia huhamia shambani mbali, wakalala kwenye dungu kulinda. Mwanafunzi ama anakwenda nao, ama anaachwa kijijini na wadogo zake awapikie. Msichana wa namna hiyo hawezi kubaki shuleni mpaka jua linazama kwa ajili ya klabu. Na njia ya kurudi nyumbani jioni katika vijiji vya pembeni mwa hifadhi si njia ya kuchezea. Kwa hiyo klabu ikiwekwa mkiani mwa siku, mara moja inakuwa klabu ya wavulana na ya wale wanaokaa jirani na shule.

Halafu iko hii ya miradi. Unakuja mradi, unaleta fulana, kofia na miche, unapiga picha, unaandika taarifa, unaondoka baada ya miaka miwili. Fulana huendelea kuonekana shambani, imechakaa, maandishi ya mazingira yamefifia mgongoni. Klabu iliondoka na gari la mradi.

Lakini iliyo mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni kwamba klabu inakuwa mali ya mwalimu mmoja. Nitawaambia lililofuata katika shule ile. Mlezi wa klabu, mwalimu kijana wa baiolojia ambaye siku ile ya wageni alikuwa amekaa nyuma kabisa, hakulitupa lile swali. Juma lililofuata aliwagawia wanachama kazi. Kila mmoja aandike nyumbani kwao wanatumia mizigo mingapi ya kuni kwa juma, inatoka wapi, anaibeba nani, na jiko ni la mafiga matatu au ni banifu. Wakaandika katika daftari moja kubwa. Wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, kwa kura za siri. Wakauza mchicha wa bustani yao, na fedha ikaandikwa, iliyoingia na iliyotoka. Nilipopita tena baada ya miezi kadhaa niliwakuta wakibishana, kwa Kiswahili, kama kijiji kitenge eneo la kupanda miti ya kuni au kila kaya ijipandie yake, na yule msichana alikuwa upande wa kaya. Hoja yake ilikuwa kwamba cha wote hakimwagiliwi na mtu. Mvulana mmoja akamjibu kwamba wasio na shamba je, watapanda darini? Nilisikia hoja pale ambazo sijazisikia katika semina za mahotelini zenye posho.

Wewe uliye katika kikoba au chama cha kuzikana hapa mjini, jiulize ni wanachama wangapi kati yenu wanaoweza kuandika muhtasari wa kikao au kusoma hesabu ya mweka hazina bila kugombana. Kazi hiyo hujifunzwa mahali fulani. Watoto wale walikuwa wanajifunza kwa fedha ya mchicha.

Kisha mwalimu yule akahamishwa. Uhamisho ni jambo la kawaida, sina neno nao. Lakini hakuna aliyekabidhiwa daftari. Aliyekuja baada yake hakuambiwa kwamba kuna klabu. Nilipouliza, nilioneshwa kabati lenye kufuli ambalo ufunguo wake haukujulikana ulipo.

Basi ninayoyaomba ni madogo, wala hayahitaji mfadhili. Saa ya klabu iingizwe katikati ya ratiba, siku moja ya juma, vipindi vya kawaida vikiwa bado havijakwisha, ili na msichana anayepikia wadogo zake awepo. Daftari la klabu liwe mali ya shule kama yalivyo madaftari ya mahudhurio, likabidhiwe kwa saini mlezi anapohama. Mdahalo mmoja kwa mwezi uwe wa Kiswahili, na mada itoke kijijini: kuni, tembo, ng'ombe na mpunga, mirathi ya binti. Elimu ya sekondari hadi kidato cha nne imekuwa bila ada tangu mwaka 2016, na vyumba vimejaa. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 darasani hana nafasi ya kumsikiliza mmoja mmoja. Klabu ya watu 25 inayo.

Nao wahifadhi, maofisa wa wilaya na sisi waandishi tunaoalikwa kukaa kwenye viti vya mbele, tupelekewe maswali ya wanafunzi siku tatu kabla, yameandikwa kwa mkono wao, na tuje na majibu. Nyimbo ziimbwe baada ya hapo kama muda upo.

Wakuu wa shule wa Kilombero mnaonisikiliza, ratiba ya muhula ujao ipo mezani kwenu na bado haijabandikwa. Na yupo fundi wa kufuli pale Mang'ula.